Peluzi Iliyougua

Wadogo zangu wa kazi, siku mliyoniaga mlinipa kiti cha kuegemea, na mmoja wenu akasema kwamba sasa nina nafasi ya kuandika. Kiti ni kizuri. Nimekikalia tangu siku ile, na mgongo unaniuma kuliko nilipokuwa nikiinama kutwa nzima, kwa hiyo heri niandike. Vyeo na mishahara sitavigusa: vyeo vilikuwa haba, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya kazi, juu ya mtu aliyenifundisha kazi, na juu ya kipindi kile cha vita ambacho wageni huwauliza habari zake nanyi mkakosa la kujibu.

Kwa asiyeijua nyumba yetu, iko mjini Kindu, juu ya ukingo wa mto Lualaba, nyumba ya ghorofa ya matofali mekundu, yenye varanda inayoizunguka pande zote. Ilijengwa na kampuni ya mawese na mchele kwa ajili ya direkteri, yaani mkurugenzi wake. Direkteri alikuwa Mbelgiji, lakini mkewe alikuwa Mwingereza, naye ndiye aliyetaka nyumba na bustani vifanane na vile vya mabwana wakubwa wa kwao: njia za mawe, ua wa miti uliokatwa sawasawa, mawaridi, bwawa la samaki, na mbele ya varanda uwanja mpana wa nyasi fupi ulioteremka hadi karibu na mto. Uwanja huo ndio sisi tunauita peluzi. Mbegu aliziagiza kutoka kwao, zikafa kwa jua. Akaagiza nyingine, zikafa kwa mvua. Mwishowe akakubali nyasi za hapa hapa za kando ya mto, na bustani yake ya Kiingereza ikashika.

Kampuni ilipoondoka, nyumba ilibaki mikononi mwa serikali, na watu wa Kindu wakaanza kuja kuitembelea Jumapili. Wapo waliokuja kuona walikokatazwa baba zao kukanyaga. Wapo waliokuja kwa sababu palikuwa na kivuli. Wenye arusi walikuja Jumamosi kupiga picha, na hao ndio waliotusumbua zaidi, maana kila arusi ilikuwa na shangazi mmoja aliyetaka kuvua viatu na kuingia kwenye bwawa la samaki.

Mimi niliajiriwa kusugua sakafu ya mbao ya sebule. Siku ya kwanza nilimwaga maji juu yake, ndoo nzima, kama mtu anayesafisha soko la samaki. Mbao zikavimba. Aliyekuja kuniokoa hakuwa msimamizi wa nyumba bali mkuu wa bustani, Mzee Kalonda, aliyeniona kupitia dirishani. Aliingia na magunia makavu, tukapiga magoti wote wawili, tukafuta mpaka adhuhuri. Kisha akanionyesha jinsi ya kuyeyusha mishumaa na mafuta ya taa kidogo, kupaka, kungoja, na kusugua kwa gunia. Mafuta ya taa kidogo, nasema, maana najua kuna mmoja wenu anayeyamwaga kama anawasha moto.

Nilimshukuru, nikakata katikati ya peluzi kwenda kuchota maji. Akaniita.

"Wewe, mwanamuke. Utapita fasi ya mawe. Majani hii haina njia."

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Alikuwa mtu mwembamba, kofia yake ya kufuma haitoki kichwani, na alikuwa amejifunza kazi akiwa kijana kutoka kwa yule mama wa Kiingereza mwenyewe. Kwake peluzi haikuwa nyasi tu. Alilala kifudifudi kila asubuhi, shavu chini, kuangalia kama kuna jani lililozidi mengine. Alikuwa na mashine ya kusukuma kwa mikono iliyoachwa na kampuni, na visu vyake vilipokwisha kabisa alirudi kwenye kupekupe, ule upanga mwembamba uliopindwa mwisho, ambao hapa kwetu kila mfungwa na kila mwanafunzi mtundu ameufahamu. Yeye aliweza kukata nao nyasi hadi usijue kama ni mashine au mkono. Alinifundisha kuunoa: jiwe lililolowa, mwendo wa upande mmoja tu, na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda.

Baadaye niliwekwa kuongoza wageni, kwa sababu, alisema Mzee Kalonda, mdomo wangu haukuwa na kazi nyingine. Niwaambie siri ya kazi hiyo. Mgeni huuliza maswali mawili tu: mzungu alilala chumba gani, na bafu lile lina maji ya moto? Mjibu hayo mawili kwanza, ndipo atakusikiliza mengine. Nilipita na wageni njia za mawe, nikiwaonyesha mawaridi na bwawa, na Mzee alitufuata kwa mbali akijifanya anaokota majani makavu, ili mtu asiteleze mguu ukaangukia alipopalinda.

Kisha vita vikaja. Treni ilikoma, na vitu vya dukani vikawa vya kuletwa na ndege, yaani vikawa havipatikani. Askari waliotoka mbali walishika mji, na watu wenye silaha wakashika msitu unaouzunguka. Sisi raia tulibaki katikati. Aliyekwenda shambani alionekana na askari kuwa mpelekaji habari wa msituni, na huko msituni alionekana kuwa mpelekaji habari wa askari. Wengi walikwenda na hawakurudi. Basi mihogo ikaozea ardhini, umbali ambao mtu angeutembea asubuhi akarudi mchana, na mjini watu wakakosa hata majani ya kuchemsha.

Komanda wa askari alichukua nyumba yetu. Sisi wafanyakazi wachache tuliobaki tuliambiwa tuendelee, kwa sababu alipenda usafi. Sina ubaya wa kumsingizia zaidi ya ule aliokuwa nao: sakafu yangu aliikanyaga na buti, na bustani aliitolea amri mbili. Ya kwanza, ndani ya uzio kusiwe na mmea unaopita goti, ili adui asipate pa kujificha. Mawaridi yakafyekwa, ua wa miti ukaenda. Ya pili, peluzi itunzwe, kwa sababu wakubwa wake walikuja kwa ndege na alipenda kuwapokea hapo, viti vimepangwa, mto unaonekana. Ya mawaridi Mzee Kalonda aliyasikia akiwa ameinama ananoa kupekupe. Ya peluzi nilimwona akishusha pumzi.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Sifa, mwanamke wa Kibombo aliyeolewa Kindu, mkulima wa mpunga ambaye shamba lake lilikuwa nyuma ya kizuizi cha askari. Alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yalikuwa yamemkauka. Mtoto yule alikuwa na uso wa bibi kizee. Siwezi kuueleza vingine, na sipendi kuukumbuka. Asubuhi moja Mama Sifa alinifuata hadi lango la jikoni, mtoto mgongoni, akaomba kumwona mkuu wa bustani.

Alimsalimu vizuri, akauliza hali ya nyumbani, akajibiwa. Kisha akasema alilolijia.

"Papa Kalonda, shamba yangu iko kule na siwezi kuifika. Hapa ndani munachunga majani yenye hakuna muntu anakula. Mutupe kipande, sisi wamama wa hii mitaa. Matembele haipite goti."

Alikuwa amefikiri vyema. Matembele, majani ya viazi vitamu, hutambaa chini. Amri ya komanda ilitaja urefu, haikutaja jina. Na udongo wa peluzi ulikuwa umelishwa mbolea kwa miaka ambayo sisi hatukuwa tumezaliwa. Lakini Mzee Kalonda alitikisa kichwa. Alisema hiyo si shamba, alisema komanda atamuua mtu, alisema nyasi ile ikichimbwa hairudi. Yote yalikuwa ya kweli. Mama Sifa alimwangalia, akasema asante Papa, akaondoka. Mimi nilimkasirikia Mzee, na nikajikasirikia mwenyewe, kwa kuwa nami nilikuwa nimeipenda ile peluzi na sehemu ya moyo wangu ilikuwa imefurahi aliposema hapana.

Wiki ile tulizika mtoto. Si wa Mama Sifa, ni wa nyumba iliyofuata, msichana aliyekuwa ameanza kutembea. Mzee Kalonda alikuwa miongoni mwa wanaume waliokwenda makaburini. Waliorudi walisema yeye ndiye aliyemshika mikononi njia nzima, na hakumpokeza mtu.

Kesho yake nilimkuta bustanini na kamba yake na vijiti, anapima. Nikadhani anapima ili akate kingo, kama kawaida yake. Kisha akachukua jembe. Hakulima ovyo, alikata nyasi vipande vya mraba pamoja na udongo wake, akavipanga kivulini nyuma ya jiko na kuvinyunyizia maji, ili vibaki hai. Kila kipande alikiinua kwa mikono miwili. Nilisimama kando nikiwa na ufagio. Alinitazama, uso umelowa, na hakujisumbua kuufuta.

"Kama watoto wanakufa ju ya majani yangu," alisema, "mimi niko nachunga nini?"

Nilitupa ufagio nikaenda kuwaita wanawake.

Komanda alirudi mchana kutoka uwanja wa ndege. Robo ya peluzi ilikuwa udongo mtupu, na Mama Sifa na wenzake walikuwa wanachomeka vipande vya mashina ya matembele. Aliuliza kwa sauti ya chini nani ameruhusu. Wanawake waliinuka, wakasogea nyuma. Niliona mkono wake umekwenda kiunoni kwenye bastola. Mzee Kalonda akavua kofia. Sijawahi kumwona akiivua kabla wala baada ya hapo.

"Iko nagonjwa, komanda," alisema. "Ugonjwa iko ndani ya mizizi. Tukiiacha hivi, itakufa yote mbele ya wakubwa yako. Tunaitoa, tunapanda matembele juu, udongo inapumuzika. Kiisha tunairudisha."

Mtu huyu alikuwa amemfukuza mfanyakazi kazini kwa kusema nyasi ina doa. Sasa alisimama mbele ya bastola akiisingizia ugonjwa ile nyasi ambayo haikuwa na kasoro hata moja. Komanda aliitazama sehemu iliyobaki, ya kijani, nzito, imelala sawa. Hakuwa mjinga. Alisema kwamba ataleta mtaalamu wa kilimo, na mtaalamu akisema ni uongo, Mzee atajua la kufanya na jembe lake, kwa kuwa litamchimbia mahali pa kulala.

Mtaalamu aliletwa kesho yake, kijana aliyesoma, jina lake Yuma, agronomu wa serikali ambaye hakuwa amelipwa tangu treni zikome. Tulikuwa hatumjui. Hatukuwa na njia ya kumwambia neno, maana askari walimshusha kwenye gari moja kwa moja hadi bustanini. Komanda akakaa kwenye kiti cha varanda. Yuma akapiga magoti penye mpaka wa nyasi na udongo, akang'oa fungu moja la nyasi, akalikung'uta. Mizizi ilikuwa myeupe, mirefu, yenye afya. Hata mimi niliona, na mimi ni wa sakafu. Akaivunja, akainusa. Akaangalia mashina ya matembele yaliyochomekwa. Akaangalia wanawake waliosimama langoni, na wale watoto migongoni mwao.

Mzee Kalonda alikuwa anatazama mto.

"Komanda," Yuma akasema, "huyu mzee anasema kweli. Ni ugonjwa mubaya, inatembea chini kwa chini. Mutoe yote, musibakishe hata kipande. Na matembele njo dawa yake."

Yote. Mzee alikuwa ametoa robo, na kijana akampa nafasi ya kutoa yote. Mzee aliitazama peluzi iliyobaki, kisha akainamisha kichwa kumshukuru. Komanda aliwasha sigara, akaingia ndani, na sakafu yangu ikalia chini ya buti zake. Yuma alipokuwa anapanda gari aliniuliza pembeni kama dawa hiyo ikikomaa itawezekana kumwekea fungu, nyumbani kwake wako wengi. Tulimwekea. Tangu hapo wanawake wa mtaa waliita matembele dawa, na mtu alipouliza nyumbani kuna nini cha kula, alijibiwa kwamba leo tumekunywa dawa.

Kugawa hayo majani ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya. Wanawake waliingia alfajiri kwa lango la jikoni, kwa zamu, kwa jina la kupalilia. Mimi nilikuwa hakimu. Nilishutumiwa kupendelea ukoo wangu, nilishutumiwa kupendelea wa Kibombo, na mama mmoja aliyechuma mara mbili kwa siku alinivua kitambaa cha kichwa mbele ya askari wa zamu, ambaye alicheka hadi akaegemea bunduki. Lenga-lenga, ule mchicha tulioupanda kando, ilitangulia, haina subira, tukaichuma ikiwa changa isije ikapita goti. Kisha matembele ikafunika kila kitu, na baada yake viazi vyenyewe. Mama Sifa alipata maziwa. Mtoto wake alibadilika uso polepole, akawa mtoto. Leo anauza mchele Kibombo, na ukimpunja anakutukana.

Kila alipokuja mkubwa kwa ndege, komanda aliuliza kama peluzi imepona, na Mzee Kalonda alijibu bado. Alijibu hivyo mpaka komanda mwenyewe akaondoka, siku askari wote waliporudi walikotoka, na njia za mashamba zikaanza kufunguka moja moja.

Hapa ndipo watu wengi hudhani wanajua mwisho. Hapana. Mzee Kalonda hakusema matembele ibaki kama kumbukumbu. Wiki ile ile ya amani aliwaita wanawake akawaambia wavune kila kitu, kwa sababu anataka uwanja wake. Wapo walionung'unika, na mmoja alisema kwa sauti kwamba watu wamezoea. Mama Sifa alimnyamazisha. Alisema huyu mzee alitupatia alichokuwa nacho, hakutupatia milele. Wakavuna. Kisha, bila kuitwa na mtu, wakarudi kupanda nyasi.

Vile vipande vilivyohifadhiwa nyuma ya jiko vilikuwa vimeishi, vimeshikamana vikawa zulia moja dogo. Tulivigawa, tukavipanda mbalimbali ili vitambae vyenyewe. Mzee hakuweza tena kuinama. Alikaa kwenye kiti kwenye njia ya mawe, akitukaripia: mstari umepinda, hapo pamezama, nani amelima hapa, nguruwe? Wanawake walikuwa wanacheka na kurekebisha. Naamini siku zile alikuwa na furaha kuliko wakati wowote niliomjua, ingawa ukimsikiliza ungedhani tunamuua.

Alifariki kiangazi kilichofuata, nyasi zikiwa hazijakutana bado. Ulikuwa unaona udongo kati ya fungu na fungu. Alikuwa Mwislamu, na kwa desturi yetu wanaume ndio waliompeleka makaburini. Sisi wanawake tulibaki kwake tukilia. Jua likawa kali. Mama Sifa akanyanyuka, akasema kwamba leo hakuna aliyemwagilia, na wote tukaondoka matangani tukiwa na vitambaa vya msiba, tukashika ndoo, tukashuka mtoni. Mjane wake hakuona vibaya. Alitupatia na ndoo zake.

Miaka mingi imepita tangu hapo, na mingi ya hiyo mmeifanya kazi pamoja nami. Nyumba ilipigwa rangi, mawaridi yalipandwa upya, bafu bado halina maji ya moto. Watalii wachache hufika, wanafunzi wengi, na arusi kila Jumamosi. Peluzi mnaijua ilivyo. Wageni huuliza kama ni ile ile ya mama wa Kiingereza, na nilizoea kujibu kwamba ndiyo, kwa kuwa mizizi ni ile ile, na kwa kuwa hadithi ndefu humchosha mtu mwenye njaa ya picha.

Jumamosi yangu ya mwisho kazini ilikuja arusi kutoka mtaa wa Mikelenge, watu wengi, vitenge vya sare, kijana wa kamera anayeamuru kama jenerali. Alitaka ukoo wa bwana arusi ukae kwenye nyasi, bibi arusi asimame katikati, mto nyuma yake. Wakaketi. Nikamwona Mama Sifa kati yao, shangazi wa upande wa kiume, mzee sasa kama mimi, ametia wanja na viatu vya kubana. Hakuketi. Alipiga magoti na kitenge chake kipya, akazamisha vidole kwenye nyasi, akaanza kung'oa gugu moja lenye mizizi mirefu, lile ambalo likiachwa hula uwanja mzima.

Kijana wa kamera akamwita mara ya kwanza na ya pili, mama, tazama hapa.

"Ngojea kwanza," alisema bila kuinua kichwa. "Mzee atatusema."

Nilishindwa kuzuia machozi, mbele ya watu, nikiwa na sare ya kazi. Nikaenda nikapiga magoti kando yake, na mwanamke mwingine wa zamani akaja, kisha mwingine, tukipapasa nyasi kwa vidole kutafuta magugu. Bibi arusi akashusha maua yake, akatungojea.